Picha ya Kumi na Mbili

Kashai, Bukoba
9 Machi 2025

Mama mkubwa Skolastika, shikamoo.

Naanza na sauti, unisamehe, salamu zitafuata. Ni sauti ya kucha kwenye kioo. Mara tatu, taratibu, kisha kimya, kisha mara tatu tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo anajua wenyewe wamo ndani. Niliisikia Jumamosi ya tarehe moja nikiwa chumba cha nyuma naandika orodha ya mabuti, na tangu siku hiyo naisikia nikichota maji, nikichana nywele, hata kanisani padri akihubiri.

Sasa salamu. Mimi mzima. Kikohozi kimeisha. Mvua imeanza na njia ya kwangu imekuwa tope tupu, bodaboda wanatushusha barabarani tunamalizia kwa miguu. Mgongo wako unaendeleaje? Ile migomba ya upande wa chini iliyopata mnyauko umeshaikata? Najua simu haikufai tena kwa sababu ya masikio, kwa hiyo naandika, na Avit wa basi la Muleba amekubali kuziacha barua zangu dukani Izigo.

Bado najitolea kwenye makumbusho ya vita. Uliponiambia kwamba sikusomea historia chuo kikuu ili nifute vumbi kwenye kofia za chuma, sikujibu, lakini nakujibu leo: ndicho nilichosomea. Ni vyumba viwili tu vilivyofunguliwa na wazee waliokuwa mgambo mwaka 1978. Kuna kofia, chupa za maji, kipande cha daraja, na picha. Mlezi wake ni Mzee Byarugaba, naye alikuwa mgambo.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi anakuja bibi mmoja kutoka Bunazi, ng'ambo ya mto, anaitwa Alistidia. Hana cha kuchangia, kwa hiyo analeta nyasi. Anafika na mzigo wa nyasi mbichi kichwani na anazitandika sakafuni mbele ya picha moja, kama tunavyotandika nyumbani wageni wakija. Mzee Byarugaba humtania. Alimwambia, "Bibi, utatuletea siafu, liwe jeshi la pili kuivamia Kagera." Bibi akamjibu bila kugeuka, "Siafu huondoka wenyewe. Wewe mgambo, wale wa kwanza walipokuja ulikuwa umejificha wapi?" Mzee akacheka mpaka akatafuta kiti.

Halafu bibi akagonga kioo.

Picha ile ilipigwa na padri mzungu nje ya ghala la misheni huko kwetu, Novemba 1978, watu wa ng'ambo walipokimbia majeshi ya Uganda wakaja kusini. Msichana wa miaka kama kumi na sita, mwenye sketi ya shule, amemshika mkono mtoto wa kike. Mtoto amevaa sweta ya mtu mzima, imefika kwenye vifundo vya miguu. Bibi Alistidia anasema mtoto yule ni wake, alimpoteza kwenye kuvuka mto. Na msichana, Mama mkubwa, amesimama mguu mmoja juu ya mwingine, vile unavyosimama wewe jikoni ukisubiri sufuria ichemke.

Makumbusho ya taifa ya historia ya jeshi yametuomba picha kumi na mbili. Zitatundikwa kwenye jengo kubwa ambako wanapita wanafunzi, wageni, watu wa nchi nzima. Kila picha iende na majina ya waliomo na sahihi ya mtu anayewafahamu. Kumi na moja zimekamilika. Mwisho ni tarehe thelathini Juni. Bibi Alistidia ameshaambiwa, na sasa haongei jambo lingine: picha ikifika huko, kuna mtu atamtambua mtoto wake na atasema yuko wapi.

Je, msichana yule ni wewe? Na mtoto ni nani?

Mwanao,
Dativa


Izigo, Muleba
2 Aprili 2025

Mwanangu Dativa,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako ilikaa dukani siku tisa kwa sababu muuza duka aliweka bahasha chini ya kopo la chumvi akaisahau. Mgongo ni ule ule. Migomba nimekata mashina ishirini na mawili, mengine nimeyaacha yajifie. Mjomba wako Rutaihwa alitoka kisiwani Jumapili iliyopita akaniletea sangara aliyekaushwa, ana chumvi mno, lakini nashukuru. Anakusalimu na anauliza utaolewa lini. Nimemwambia akuulize mwenyewe.

Kuhusu picha. Wakati ule misheni ilijaa watu, wasichana wa shule tulikuwa wengi na sketi zetu zilikuwa za kitambaa kimoja. Watu wengi husimama hivyo. Siwezi kuweka sahihi juu ya kitu nisichokijua.

Bibi wa watu anahitaji kuhurumiwa, siyo kutiwa maneno. Mpe chai akija.

Tarehe kumi na tatu mwezi ujao ni misa ya mama yako, miaka tisa. Njoo na mshumaa mkubwa, hapa wana vidogo tu.

Mama mkubwa wako,
Skolastika


Kashai, Bukoba
27 Aprili 2025

Mama mkubwa, shikamoo.

Nimefurahi kusikia mjomba ametoka kisiwani. Mwambie nitaolewa siku atakapojifunza kupima chumvi. Huku tumepata Pasaka nzuri. Jirani amejifungua mapacha na nyumba nzima haina usingizi.

Sikukutumia nakala ya picha, ila ulikanusha haraka hata kabla ya kuomba kuiona. Umefundisha miaka thelathini na nne. Mwanafunzi akikujibu hivyo ungemweka darasani mpaka jioni.

Jumamosi ya tarehe tano nilimpa bibi chai kama ulivyosema, nikamwomba anisimulie. Anaongea Kihaya cha kwao, ananiita mwana wange kama anavyoita kila mtu. Siku ya kuvuka watu walikuwa wanasukumana kwenye mitumbwi. Mgongoni alikuwa na kichanga, kwa hiyo yule mkubwa, miaka mitatu kasoro, akamkabidhi wifi yake amshike mkono. "Wifi yangu alifika ng'ambo amebana mkono wa mtoto kwa nguvu zote," alisema. "Ila alikuwa mtoto wa watu wengine." Mtoto wake aliitwa Kokugonza.

Nikamuuliza alimtafuta wapi. Akasema kila mahali, kwa miguu. Nikamuuliza anamjuaje kwenye picha ambayo uso hauonekani vizuri, mtoto ameangalia pembeni. Akasema ndivyo alivyokuwa, ukimwita anaangalia pembeni kwanza.

Mama yangu alikuwa hivyo.

Sijalala vizuri tangu hapo. Nimetafuta kadi ya ubatizo ya Mama kwenye sanduku lake. Imeandikwa Joviana, amezaliwa 1974. Lakini Mama alikuwa akicheka kwamba aling'oka jino la kwanza akiwa darasa la tatu, na kwamba alikuwa mfupi kuliko darasa zima mpaka akafika la saba. Kwa kadi hiyo aling'oka jino la kwanza akiwa na miaka kumi. Juzi nilikuwa nafuta kioo cha picha, Mzee Byarugaba akapita nyuma yangu akasema, "Kumbe binti ulikuwepo vitani." Alikuwa anatania. Alikuwa anaangalia uso wangu uliokuwa umetokea kwenye kioo juu ya uso wa mtoto.

Sitakuzungusha. Mama yangu ni mtoto yule? Kama siye, niandikie neno moja tu, hapana, na sitauliza tena. Kwenye misa ya tarehe kumi na tatu sitaweza kuja, wakaguzi wa makumbusho ya taifa wanakuja wiki hiyo. Mshumaa nampa Avit.

Dativa


Izigo, Muleba
24 Juni 2025

Mwanangu Dativa,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimechelewa, kulikuwa na kahawa ya kuchuma na vibarua siku hizi wanataka kubembelezwa. Misa ilikuwa nzuri. Watu waliuliza uko wapi, nikasema kazini. Mshumaa ulifika umevunjika katikati, nikaufunga kwa uzi, uliwaka.

Parachichi zimezaa. Nimempa Avit kumi, zisipofika kumi unijulishe.

Mama yako alikuwa mdogo wangu. Tulilala kitanda kimoja mpaka nilipokwenda chuo cha ualimu. Nilimfundisha kusoma mimi. Nilimfunga sanda mimi. Hilo nitalisema mbele ya padri yeyote na mbele ya wakaguzi wako.

Jikinge na baridi ya ziwa.

Skolastika


Kashai, Bukoba
20 Julai 2025

Mama mkubwa, shikamoo.

Parachichi zilifika tisa. Asante.

Hukuandika hapana.

Tarehe thelathini imepita. Gari lilikuja, wakafunga picha kumi na moja kwenye blanketi, wakazichukua. Ya kumi na mbili imerudi ukutani. Aliyekuja kuzichukua alikuwa mpole, alisema picha isiyo na majina hawawezi kuitundika, vinginevyo kila mmoja atadai ni ya kwake. Nilielewa.

Bibi Alistidia alifika Jumamosi ya tarehe tano. Alikuwa amevaa gomesi, amejifunga mkanda mpana, kama mtu anayekwenda harusini, kwa sababu alidhani picha imeondoka na alitaka kuona pale ilipokuwa. Akaikuta. Akasimama. Akauliza wamekosea gari? Mzee Byarugaba, ambaye hakosi neno, alikwenda nje kufanya kama anakagua paa. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba haitakwenda. Akauliza, "Kwa nini? Mimi si nimewaambia ni nani?" Nikamweleza kwamba mtu wa pili kwenye picha ndiye hajapatikana. Akasema, "Huyo nilimwona kwa macho yangu." Sikumuuliza zaidi, kwa sababu niliogopa.

Alimwona lini, Mama mkubwa?

Anatoka nyumbani kabla ya mapambazuko, anabadilisha magari mawili, ana miaka sabini na mbili. Anakuja kuitazama picha ya mtoto ambaye, kama ndivyo ninavyofikiri, amelala kwenye kibanja chetu cha migomba miaka tisa. Mimi namkaribisha, nampa chai, nampokea nyasi. Kila mwezi namdanganya kwa mikono yangu. Nimechoka. Nikihesabu miaka aliyobaki nayo naona ni michache kuliko vikombe vya chai nilivyompa.

Usinipe habari za kahawa.

D.


Izigo, Muleba
7 Septemba 2025

Dativa,

Tumsifu Yesu Kristo. Sina habari nyingine zaidi ya hii. Isome mara moja, kisha uchome.

Joviana, mdogo wangu wa kuzaliwa, alikufa kwa surua mwezi wa kumi 1978, wiki ile ile majeshi yalipoingia. Alikuwa na miaka minne. Watu wote walikuwa wanakimbia huku na huko, padri hayupo, tukamzika wenyewe nyuma ya nyumba. Bibi yako Gaudensia hakuinuka kitandani. Baba alikuwa ameitwa mgambo. Nilikuwa napika mimi, nafua mimi, na nilikuwa naogopa kila nikimgusa mama nimkute wa baridi.

Misheni walikuwa wanagawa watoto waliopotea kwa familia zenye chakula, mpaka wazazi wapatikane. Nikamleta yule wa sweta. Mama alimwangalia, akaketi. Siku ya pili akasimama. Siku ya tatu akapika. Alimwita Joviana na hakuna mtu aliyemsahihisha, maana kumsahihisha kulikuwa kumrudisha kitandani. Mtoto akiulizwa jina alijibu Kokugonza. Alijibu hivyo wiki sita. Ya saba akaitika Joviana. Kadi ya ubatizo ilikuwepo, kifo hakikuwa kimeandikwa popote, na misheni walipokuja na daftari la watoto wa wakimbizi Mama alisema huyu ni wa kwetu, yule mwingine alichukuliwa na ndugu zake.

Umeniuliza alimwona lini yule msichana. Mwezi wa tano 1979, watu wakirudi kwao. Nilikuwa ghalani nagawa maziwa ya unga. Akaja mwanamke kijana, mtoto mgongoni, miguu imepasuka. Akaniuliza kama nimemwona mtoto wa kike, akanionyesha kimo chake kwa mkono, akalitaja jina. Mtoto alikuwa nyumbani kwetu, mwendo wa dakika kumi. Nikasema hapana. Nikaona hatoki, nikamwambia ajaribu Kishanda, nimesikia huko wako wengi. Sikuwa nimesikia chochote. Kishanda lilikuwa jina la kijiji cha mbali nililolikumbuka. Akanishukuru. Akafungua fundo la leso akanipa kahawa ya kutafuna, punje nne, akaenda. Nilizitafuna.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilitaka mama yangu aendelee kusimama. Nilidhani nitasema baadaye, Mama akipata nguvu. Mama alipopata nguvu, mtoto alikuwa ananifuata kila ninapokwenda ameshika sketi yangu. Halafu akaenda shule. Halafu akaolewa. Halafu ukazaliwa wewe. Sikuona siku ambayo ingefaa.

Mama yako hakujua. Aliumwa miezi mitatu, nikakaa naye kila siku, na kila siku nilianza kusema nikaishia kumuuliza kama anataka uji. Msalaba wake una jina la mtoto aliyelala hatua nane kutoka hapo, asiye na msalaba.

Sasa nakuomba. Umwache bibi yule. Ana miaka arobaini na sita anatumaini, utamwondolea umpe nini? Kaburi la mtu aliyeitwa jina lingine, akaita mwanamke mwingine mama, akafa. Nimefikiri sana, Dativa, siyo kwa ajili yangu tu. Hakuna anayepona kwa habari hii. Mimi ni mzee, sisikii, acha niende nayo.

Skolastika


Kashai, Bukoba
4 Oktoba 2025

Mama mkubwa, shikamoo.

Habari za familia ni kwamba imeongezeka mtu, naye hanitaki.

Sikuichoma barua yako. Niliisoma siku kumi na mbili. Ulichosema kuhusu kumwondolea tumaini ni kweli. Lakini nilijaribu kumfikiria mwezi ujao, na mwezi wa mbele yake, akitandika nyasi, na mimi nikimwangalia nikiwa najua. Niliona ningekuwa wewe ghalani.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Bunazi. Kwake ni kuzuri, pasafi, ana wana wawili waliokua na migomba inayotunzwa. Pembeni kuna sehemu ya kibanja isiyolimwa. Nikauliza kwa nini. Mwanawe akasema ni ya dada yao, akirudi atajenga.

Nilimwambia yote tukiwa tumekaa nje. Nilidhani atalia, au atanipiga, au, na hili naliandika kwa aibu, nilidhani atanishika uso. Aliuliza mtoto aliitikia jina gani. Nikamwambia. Akauliza kama alipata watoto. Nikasema mmoja. Hakuuliza ni nani. Alinitazama kidogo tu, akainuka, akaenda kugeuza kahawa aliyoianika kwenye mkeka. Aliigeuza yote, polepole, hata ile iliyokuwa imeshakauka. Mimi nilikaa kwenye kigoda changu kama mtu aliyekuja kuuza kitu ambacho nyumba ile haikihitaji.

Aliporudi alisema, "Nilikaa Kishanda siku tisa." Akaketi. Akasema, "Siku tisa, mwana wange, nalala kwenye kibanda cha mbuzi, nauliza kila mlango. Walinidhania nina wazimu. Yeye alikuwa pale pale nilipotoka." Kisha akauliza kama yule msichana bado yuko hai. Nikasema yuko. Nikajitolea kumpeleka kaburini mwenyewe, siku yoyote atakayotaka, niombe ruhusa, nije na maua.

Akasema, "Wewe sikutaki. Kaburi atanionyesha yule aliyenielekeza Kishanda."

Sikumuuliza atakachokufanya. Hakusema kwamba amekusamehe na hakusema kwamba hajakusamehe, na mimi sikukuombea. Hilo ulijue. Ningeweza kukuombea, maneno ninayo, nimeyasoma kwenye barua yako: kwamba ulikuwa na miaka kumi na sita, kwamba mama yako hakuwa anainuka. Nilimsimulia hayo kama yalivyo, bila kuyaongezea uzito. Alisikiliza akasema yeye alikuwa na ishirini na sita.

Mzee Byarugaba nimemrudishia funguo za makumbusho. Aliuliza kama nimepata kazi, nikasema hapana. Picha bado iko ukutani, chini yake hakuna jina. Fomu ninayo mezani, nimejaza jina la mtoto na nafasi ya sahihi iko wazi, lakini gari halitarudi, na hata likirudi nadhani hakuna tena wa kumtafuta huko.

Jana bibi alifika hapa kwangu na kikapu kidogo. Nilimpa kitanda. Tulikula ndizi, na asubuhi aliamka kabla yangu akatandika shuka vizuri kama mgeni asiyetarajia kurudi.

Barua hii haikupitia dukani kwa muuza chumvi. Nimempandisha bibi basi la saa mbili, nimemweka kiti cha mbele, nimemwambia Avit amshushe Izigo na amwonyeshe njia ya kwako, na bahasha nimempa bibi mwenyewe mkononi. Nimemweleza kwamba husikii vizuri, kwa hiyo hatasema kitu mpaka umalize kusoma. Ndiye huyo aliyesimama mbele yako.

Dativa